Fatuma, Rahma, Rehema au Inaya? Kumchagulia mtoto jina la Kiarabu tukiwa Dodoma

Mtoto wa kike wa kaka yangu amezaliwa Jumapili alfajiri hapa Dodoma mjini. Leo ni Alhamisi, na kadi yake ya kliniki bado imeandikwa "Mtoto wa", kisha jina la mama yake. Akika ni keshokutwa, siku ya saba. Mbuzi ameshanunuliwa, nywele zitanyolewa, na shehe atataka kuambiwa jina. Kaka kanitumia majina kumi na saba kwenye simu, mengine sijawahi kuyasikia, akamalizia hivi: "Dada, wewe ndiye unayeshinda na rejesta. Tusaidie."

Ni kweli nashinda na rejesta. Nafundisha darasa la kwanza, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kila Januari naandika kwa mkono majina ya watoto wapya kabla sijawajua sura. Niliyomjibu kaka ndiyo ninayoyaandika hapa, maana wazazi wengi wanakuja kuniuliza maswali yaleyale mtoto akiwa ameshafika miaka saba, na wakati huo kurekebisha ni kazi.

Familia yetu ina pande mbili, na hilo limo kwenye hesabu. Sisi ni Warangi wa Kondoa, na majina ya Kiislamu tumeyakuta kwa babu zetu. Wifi ni Mgogo. Alisilimu alipoolewa, lakini mama yake yuko Mvumi, ni Mwanglikana asiyekosa ibada, na ndiye anayekuja kumlea mzazi na mtoto siku arobaini zote. Jina ambalo bibi huyo hawezi kulitamka halitadumu. Atampa mjukuu jina la kwake, na hilo ndilo litakaloshika.

Yanayofanana masikioni mwetu

Kiswahili kimeyapokea majina ya Kiarabu kwa mikono miwili, lakini sikio letu halitenganishi herufi zote ambazo Mwarabu anazitenganisha. Swadi na sini kwetu zote ni s. Qafu na kafu zote ni k. Aini tunaimeza kabisa. Matokeo yake, majina mawili yenye maana zilizo mbali kabisa yanakuja kukaa ndani ya herufi zilezile.

Chukua Asia, jina la tatu kwenye orodha ya kaka. Likiandikwa kwa alifu na sini ni Asiya, mke wa Firauni, yule mwanamke ambaye Kurani, katika Surat Tahrim, inamtaja kuwa mfano kwa walioamini, akiomba kujengewa nyumba Peponi. Likiandikwa kwa aini na swadi, maana yake ni mwanamke muasi, na neno letu "kuasi" limetoka hukohuko. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba binti mmoja wa Umar aliitwa hivyo, kwa aini na swadi, na Mtume akambadilisha akamwita Jamila. Basi hapa kwetu tamko moja limebeba jina zuri sana na jina baya sana. Mzazi anayemwita mwanawe Asia anamkusudia mke wa Firauni, na nyumbani nia hiyo inatosha. Shida inaanza pale mtoto anapopelekwa madrasa na ustadhi kijana akaliandika kwa kubahatisha.

Hilo nimelishuhudia, ila jina lilikuwa Naima. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alikuja na daftari la madrasa la binti yake, akakaa kwenye benchi nje ya darasa, kidole kimeganda kwenye herufi ya pili ya jina. "Mwalimu, hii ndiyo hiyo kweli?" Sikuweza kumjibu papo hapo. Tulikwenda wote jioni kwa shehe mmoja mtu mzima. Akavaa miwani, akatazama kwa muda, akachukua kalamu, akakata alifu na hamza, juu yake akaandika aini na yaa. Kwa aini, Naima ni mwenye raha, aliyeneemeka. Kwa hamza ni mwanamke aliyelala. Mtoto alikuwa ameandika "aliyelala" kwenye jalada la kila daftari kwa mwaka mzima, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Amina nalo lina nyuso mbili, lakini zote njema. Kuna Aamina, mama yake Mtume, jina lenye maana ya aliye salama, na kuna Amiina, yaani mwaminifu. Hapo hata ukichanganya hujapoteza. Zuhura na Zahra pia watu huyachukulia kama jina moja. Zuhura ni ile sayari tunayoiona inang'aa alfajiri au jioni. Zahra ni kung'aa, na ndiyo sifa anayoitwa Bibi Fatuma binti ya Mtume.

Kwa hiyo kabla moyo haujalipenda jina, mpe mtu anayekijua Kiarabu aliandike kwa herufi zake na akwambie limetokana na neno gani. Ipige picha karatasi ile uitunze. Kutafuta kwenye simu kunasaidia kidogo tu, kwa sababu jina likishaandikwa kwa herufi zetu, aini imeshapotea na simu haijui ulikuwa unamaanisha lipi.

Fatuma au Fatma

Mama yetu ni Fatuma. Kaka anatamani mtoto awe somo yake, na mama mwenyewe, ingawa hasemi, ameshaanza kuuliza mara mbili kwa siku kama jina limepatikana. Wifi anaona Fatuma limekuwa la vibibi. Angekubali Fatma, au Faatimah kama lilivyo kwenye orodha, lenye a mbili na h mwishoni.

Ninawaelewa wote wawili. Ila naomba tuyaweke majina haya pamoja tuyatazame vizuri. Mwarabu anayesema Kiarabu fasaha hatamki Fatuma, na Fatma pia hatamki; anasema Faatima. Fatma ni tamko la Pwani na Visiwani. Fatuma ni la bara, ambako ulimi umetafuta irabu ya kupumzikia kati ya t na m. Anayetajwa ni yuleyule mmoja. Ndivyo ilivyo kwa Hadija na Khadija, Zainabu na Zaynab, Mariamu na Maryam, Rukia na Ruqayya. Asha na Aisha nayo ni jina moja. Hakuna ambalo lina Uislamu zaidi ya mwenzake, na sijui kwa nini tumefika mahali pa kuona aibu kwa umbo ambalo bibi zetu walisalia nalo maisha yao yote.

Tofauti yao halisi iko kwenye makaratasi. Mtoto atakayekulia Dodoma ataitwa Fatuma hata kama cheti kinasema Fatma. Muuguzi ataandika anavyosikia, mwalimu naye hivyohivyo. Nimeandika kwenye rejesta Rahmath, Nasrath na Aisher, na kila mara nilimwuliza mzazi kama ana hakika, kwa sababu najua mwalimu wa darasa la pili atalisahihisha kwa kudhani mimi nimekosea.

Haya yamenipata mwenyewe. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Hadija. Cheti cha darasa la saba kinasema Khadija, maana aliyejaza fomu alitaka kuniandika "inavyotakiwa". Cha kidato cha nne kikafuata cha darasa la saba. Nilipopata kazi, ofisi moja ikanirudisha mara tatu kwa sababu ya herufi K. Nikaenda kwa wakili kuapa kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja, nikalipia kiapo, nikalipia muhuri, nikarudi Kondoa kutafuta cheti halisi ndani ya sanduku la marehemu baba. Ilinichukua miezi minne, bila mshahara. Jina langu nalipenda, na sijawahi kulilaumu, lakini nikiona mzazi anachezea herufi za jina la mwanawe ili lipendeze machoni, roho inaniuma.

Kwa hiyo nilimwambia kaka: kama ni somo ya mama, basi aandikwe Fatuma, jinsi mama alivyoandikwa na jinsi atakavyoitwa.

Rahma au Rehema

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu majina haya ni neno moja. Rahma ni Kiarabu kilivyo. Rehema ni neno hilohilo lililoingia kwenye Kiswahili zamani likafunguliwa kwa irabu zetu. Katika bismillahi tunasema Rahmani, tunasema Rahimi. Rehema ni wa mlango huohuo.

Kuna mtu wa karibu alimwambia kaka kwamba Rehema si jina la Kiislamu kwa kuwa hata Wakristo wanalo. Ni kweli wanalo. Katika rejesta yangu Neema na Baraka ni watoto wa Kikristo karibu wote, Imani na Amani wanagawana, na Rehema wapo huku na huku. Lakini tazama majina hayo yametoka wapi. Neema ni ni'ma, baraka ni baraka, imani ni iimaan, amani ni amaan, faraja ni faraj. Yote ni Kiarabu ambacho Kiswahili kimekifanya cha watu wote. Muumini wa Mvumi akiomba rehema kanisani na muumini wa Kondoa akiomba rehema msikitini wanatamka neno moja. Kwa familia yenye bibi wa aina mbili kama hii yetu, hilo naliona ni utajiri mkubwa, na sitaki mtu atufanye tulionee haya.

Anayetaka jina limtambulishe mtoto mara moja kuwa Mwislamu, kwamba mwalimu akiita tu darasa zima lijue, basi Rahma linamfaa kuliko Rehema. Hilo ni hitaji la haki, hasa kwa mzazi anayehofia mwanawe atasahauliwa wakati wa kipindi cha dini. Naliheshimu. Lakini hoja kwamba umbo la Kiswahili limepungukiwa kitu siikubali. Rais wetu, ambaye Ikulu yake iko hapa jirani Chamwino, ni Samia Suluhu Hassan. Samia ni aliye juu, Hassan ni mzuri, na Suluhu ni neno letu la kila siku la mapatano, ambalo kwa Kiarabu ni sulh. Sijamsikia mtu akidai Suluhu lirudishwe kuwa Sulh ndipo liwe jina kamili.

Juzi jioni nikampigia simu mama mkwe wa kaka. Tukasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, kisha habari za Mvumi, mvua, mtama, mjukuu. Kisha nikamwomba anisemee majina matano, moja moja, kwa sauti, kama anamwita mtoto aliye ng'ambo ya ua. Fatuma likatoka safi. Inaya likatoka safi. Khadija likawa Hadija, kama nilivyotarajia. Rahma akalisema "Lahama", akarudia, likawa "Lahima", akanyamaza. Rehema akalisema "Lehema" bila kusita, akaongeza kwamba mdogo wake anayefuatana naye ndilo jina lake. R imekuwa l, kama Wagogo wengi wa umri wake wanavyosema, lakini jina lilibaki lilelile. Mtoto akiitwa Lehema ataitika, na mtu yeyote wa hapa akisikia Lehema anajua kuwa ni Rehema. Lahama hakuna anayelijua.

Inaya na majina mapya

Kati ya majina mapya kwenye orodha, Inaya ndilo lililonishika. Kwa Kiarabu linaanza na aini, maana yake ni uangalizi, kujali, kumtunza mtu kwa moyo. Linaishia kwenye irabu, halina herufi ngumu, na bibi amelimudu. Hasara yake ni moja: bado halijatulia. Nimeshaona Inaya, Inayah, Enaya na Innaya, kila mzazi na lake, kwa hiyo mtoto huyu atatumia maisha yake kumtajia kila karani herufi moja moja.

Ikra ni amri, "Soma!", neno la kwanza la Kurani kuteremshwa. Kama mwalimu nalipenda. Malaika kwa Kiarabu ni wingi, malaika wengi, na wapo wanazuoni wasiopenda mtoto wa kike kuitwa hivyo kwa sababu Kurani imewakemea waliowapa malaika majina ya kike. Kaka amelifuta mwenyewe nilipomweleza.

Na Aryan, ambalo wifi alilitaka kama angepata wa kiume, si la Kiarabu hata kidogo ingawa orodha za mtandaoni huliweka humo. Limetoka India. Kama unalipenda, lipende ukijua hivyo.

Kwa wenye watoto wa kiume

Kaka hana haja nayo mwaka huu, lakini wazazi wa darasani kwangu wanauliza zaidi juu ya wavulana.

Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani, Ramadhani: haya hayana kosa lolote. Yanasema mtoto alizaliwa siku gani au mwezi gani, na watu wa nchi hii walikuwa wakiwaita watoto kwa nyakati na matukio kabla hata ya Uislamu kufika, ndiyo maana yalikaa vizuri. Tatizo ni utaratibu wetu wa majina matatu, la mtoto, la baba na la babu. Baba Juma, babu Hamisi, na mtoto anaitwa Juma. Mwaka juzi nilikuwa na wavulana wawili darasa moja, majina yote matatu sawasawa, wametoka mitaa tofauti na hawana undugu. Kadi ya chanjo ya mmoja ilikaa kwenye jalada la mwenzake muhula mzima. Kama baba na babu wanayo tayari majina haya, mpe mtoto la mbali nayo.

Abdallah na Abdulrahman ndiyo majina ambayo hadithi ya Mtume imeyataja kuwa yanapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu. Nikiyalinganisha, kwa mazingira yetu Abdallah ni jepesi. Abdulrahman likifika kwenye fomu hukatwa vipande viwili, Abdul likawa jina la mtoto na Rahman likasogea kwenye nafasi ya baba. Kisha mtaani wataita nusu. Abdul peke yake ni "mja wa", sentensi isiyoisha, na Rahmani peke yake ni jina la Mungu, wanazuoni hawaruhusu kumwita mtu hivyo. Ukilichagua, liandike neno moja tangu siku ya kwanza na uwazoeshe nyumbani kuliita lote. Abdallah likifupishwa linakuwa Dula, na Dula haina shida na mtu.

Kuna jozi moja ninayoipenda sana kwa ajili ya mji huu. Dodoma tunapata mvua kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Sasa, Ghaith kwa Kiarabu ni mvua, ile inayokuja watu wakiwa wameingoja kwa dhiki. Rayyan ni aliyekata kiu, aliyenyweshwa akatosheka, na kwa hadithi ya Mtume ndilo jina la mlango wa Pepo watakaopita waliofunga. Kwa maana, Ghaith lingemfaa mtoto aliyezaliwa mvua za kwanza kuliko jina lolote nilijualo. Lakini lina gh mwanzoni na th mwishoni, na hapa litakuwa Gaisi kabla hajatambaa. Rayyan litakuwa Rayani, au Layani kwa bibi wa Mvumi, na bado litakuwa zima. Chagua Rayyan, uandike Rayani.

Yaliyobaki

Kwenye majina kumi na saba nilimrudishia kaka matatu: Fatuma, Rehema, Inaya. Nikamwambia kwamba kama moyo wake uko kwa mama, Fatuma lisijadiliwe tena. Kama uchaguzi ni wangu, ni Rehema. Nikamwambia pia asingoje. RITA, wakala wa serikali wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, wanataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90, na siku hizo huwa zinakwisha wakati watu bado wanabishana juu ya h ya mwisho.

Mama nilizungumza naye mwenyewe, kwa sababu niliona ndilo jambo zito kuliko yote. Alikaa kimya kwa muda kwenye simu, kisha akasema mama yake mzazi, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa akimwita yeye "rehema yangu" alipokuwa mgonjwa utotoni. Sikuwahi kulisikia hilo maisha yangu yote.

Jioni hii wifi kaandika: "Wifi, mama ameshafika, na tangu saa tisa anamwimbia mtoto Lehema."

Nimechukua nusu karatasi, nikaandika herufi kubwa sita, R E H E M A, na chini yake raa, haa, mimu, taa marbuta, kwa mkono wa shehe yuleyule wa Naima. Kaka ataiweka kwenye mfuko wa shati, Jumamosi ampe shehe wa akika, na Jumatatu aende nayo kuomba cheti.